Uonevu wa Kazini katika Hadithi ya "Kabuti"

Neno unyanyasaji limekuwa jepesi mno kinywani. Mtumishi aliyekemewa kwa kuchelewa asema amenyanyaswa. Na msimamizi aliyemfanya mtu mzima kuwa kichekesho cha ofisi kwa muda wa miaka kumi asema alikuwa akitania tu. Wote wawili husema Kiswahili kisicho na kosa la sarufi, walakini mmoja amelitwika neno mzigo usio wake, na mwingine amelivua maana. Ugomvi wa namna hii hauamuliwi kwa kamusi peke yake. Kamusi yaweza kueleza kwamba kuonea ni kumtendea mtu isivyo haki kwa sababu ya unyonge wake. Haisemi dhihaka ya ngapi ndiyo inayofika kuwa uonevu, wala karipio la mkubwa huanzia wapi kuwa dhuluma. Mambo hayo hutaka mtu mmoja, katika ofisi moja, afuatwe siku hata siku mpaka mwisho wake. Fasihi ndiyo iliyo na subira ya kazi hiyo, na ni shida kupata mfano uliotimia kuliko hadithi fupi ya mwandishi wa Urusi Nikolai Gogol, ambayo jina lake kwa Kiswahili laweza kuwa "Kabuti", iliyotolewa mwaka 1842.

Gogol aliijua ofisi kwa ndani. Alizaliwa mwaka 1809 katika nchi ya Ukraina, akaenda St. Petersburg, mji mkuu wa Urusi wa wakati ule, mwishoni mwa mwaka 1828, na baina ya 1829 na 1831 alitumikia ukarani mdogo katika idara za serikali. Hadithi yake yaanza kwa kukataa kuitaja idara ambamo mambo yalitokea, kwa kuwa, asema msimulizi, hakuna kitu chepesi kukasirika kama idara. Msomaji hucheka hapo, asijue kwamba amekwisha kuambiwa jambo zito: ofisi ina heshima yake ya kulinda, na heshima hiyo hulindwa kwa juhudi kubwa kuliko mtu aliyemo ndani yake.

Mtu mwenyewe aitwa Akaky Akakievich Bashmachkin. Cheo chake ni cha tisa katika vyeo 14 vya utumishi vilivyowekwa na Tsar Peter wa Kwanza mwaka 1722, na mshahara wake ni rubli 400 kwa mwaka. Kazi yake ni kunakili. Hutwaa barua zilizotungwa na wengine akaziandika upya kwa mwandiko safi, na kazi hiyo aipenda, hata anazo herufi ambazo akizifikia uso wake hukunjuka. Mabawabu hawainuki apitapo. Hawamtazami zaidi ya nzi arukaye ukumbini. Wakubwa wadogo humsukumia karatasi puani pasipo hata lile neno moja la adabu ambalo watu wa ofisi hupeana. Makarani vijana humtungia visa mbele ya uso wake: kwamba ajuza mwenye nyumba anayopanga, bibi wa miaka 70, humpiga, humwuliza arusi yao itakuwa lini, kisha humnyunyizia vipande vya karatasi kichwani na kusema kwamba theluji yaanguka. Akaky hajibu. Aendelea kunakili, wala hakosei herufi. Ni pale tu wanapomgonga mkono, kalamu isiweze kwenda, ndipo anapowaomba wamwache na kuwauliza kwa nini wanamtesa.

Yafaa kuyapima matendo hayo moja moja, kama ambavyo mtetezi wa wale vijana angependa yapimwe. Kipande cha karatasi kina uzito gani? Swali juu ya arusi lina jeraha gani? Bawabu aliyeketi kitini amevunja amri ipi? Mbele ya hakimu kila kimoja katika hivyo kingeonekana ni upuuzi, na mlalamikaji angeondoka akiwa kichekesho mara ya pili. Hapo ndipo ulipo ufundi wa uonevu wa namna hii: huchagua vitu visivyo na uzito. Karatasi ilichaguliwa kwa kuwa ni karatasi. Jiwe lingeacha alama. Lakini karatasi ile ile ikimwangukia mtu yule yule, mkononi mwa wengi, mwaka hata mwaka, huwa si karatasi tena. Gogol asema kwamba wakurugenzi na wakubwa wengine walibadilika mara nyingi katika idara ile, na Akaky akaonekana sikuzote mahali pale pale, katika hali ile ile. Sentensi hiyo hupitwa upesi na wasomaji wengi, nayo ni ya lazima, maana ndiyo inayoupa mchezo wa makarani urefu wa wakati.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo kingine cha kulitazama jambo hili, nacho ni utani. Wahehe na Wangoni ni watani. Kadhalika babu na mjukuu, na mashemeji. Mtani aweza kumtolea mwenziwe maneno ambayo kinywani mwa mtu mwingine yangeleta ngumi, na aliyeambiwa hana ruhusa ya kukasirika. Kwa sura ya nje, basi, yale ya ofisi ya St. Petersburg yafanana na utani, na hapana shaka makarani wale wangeapa kwamba hayakuwa zaidi. Lakini utani una sheria, na sheria yake ya kwanza ni kwamba anayetaniwa hutania. Neno hutoka upande huu likarudi kutoka upande ule, na kurudi kwake ndiko kunakolifanya lisiwe tusi. Sheria yake ya pili yaonekana siku ya msiba. Mtani aliyekuwa mwingi wa mzaha ndiye ajaye kushughulika na mazishi, naye hufanya mzaha hata hapo, kwa sababu amechukua sehemu ya mzigo. Ofisi ya Akaky ilishindwa katika sheria zote mbili. Hakupata kumjibu mtu hata siku moja. Na alipokufa, idara haikujua mpaka siku kadhaa baada ya kuzikwa, ilipomtuma tarishi nyumbani kumwamuru aje kazini mara moja. Kwa kipimo hiki mtu hahitaji kuuliza kama wale vijana walikusudia mabaya. Yatosha kuuliza kama neno lilikuwa na njia ya kurudi.

Wako watakaosema kwamba Akaky hakulalamika kwa mkubwa yeyote, na kwamba jambo lisilolalamikiwa haliwezi kuitwa uonevu. Jibu la neno hili limo pia katika fasihi ya Kiswahili. Katika riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotolewa mwaka 1978, yupo mzee Kijakazi, mtumishi katika shamba la bwana wa Unguja wa siku za kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Kijakazi hutukanwa na kudharauliwa na yule aliyemtumikia tangu utoto wake, wala halalamiki. Aamini kwamba aliumbwa ili atumikie. Hakuna msomaji wa riwaya hiyo aliyepata kuufunga kitabu akisema kwamba, kwa kuwa Kijakazi ameridhika, basi Fuad hana kosa. Kuridhika kwake ndiko kunakotia uchungu. Akaky naye yu karibu naye kwa hili: amejifunza kuishi chini ya karatasi kama watu wanavyojifunza kuishi chini ya mvua, na kunyamaza kwake si ushahidi wa upande wa washitakiwa.

Sasa lipo lile tukio ambalo kwalo hadithi imepata sifa. Karani kijana, mgeni katika idara, alianza kumcheka Akaky kwa kufuata wenziwe. Akasikia ule ulalamishi mdogo wa sauti ya huruma, akasimama ghafula kama mtu aliyechomwa. Tokea siku ile vitu vyote vilibadilika machoni pake, na hata baada ya miaka mingi, katikati ya furaha, humjia sura ya yule karani mfupi mwenye upara, na katika maneno yake asikia maneno mengine, kwamba yule alikuwa ndugu yake. Wahakiki wengi tangu karne ya 19 wameliona tukio hili kuwa ndiyo roho ya hadithi yote. Boris Eikhenbaum, mhakiki wa Urusi, alikataa. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1919 alidai kwamba "Kabuti" ni mchezo wa sauti na mtindo, na kwamba kipande hiki cha huruma kimetiwa ili kigongane na mzaha uliokizunguka, wala si mahubiri ya mwandishi.

Eikhenbaum ana haki katika jambo moja kubwa. Msimulizi wa Gogol si mtu mpole. Yeye mwenyewe amcheka Akaky tangu kuzaliwa kwake: ataja majina ya kioja aliyopendekezewa mama mzazi, mpaka mama akakata tamaa na kumpa mtoto jina la baba yake, afanya kichekesho cha jina la ukoo, ambalo kwa Kirusi latokana na kiatu, aeleza jinsi takataka zinavyomwangukia Akaky kutoka madirishani kila apitapo njiani, kofia yake ikabeba maganda ya matikiti. Na msomaji hucheka. Hawezi kujizuia, kwa maana yamesimuliwa kwa ustadi. Lakini Eikhenbaum aliishia kwenye ustadi, asiulize kicheko kile kilimfanya msomaji kuwa nani. Maganda yanayomwangukia Akaky njiani na karatasi zinazomwangukia ofisini ni mzaha mmoja. Aliyecheka yale majina ya kioja amekwisha kukaa mezani pamoja na makarani kabla hajaonyeshwa karatasi. Kisha yule kijana asimama ghafula, na msomaji asimama pamoja naye, mkono ungali na karatasi. Mpangilio huu hauwezi kuwa mgongano wa mitindo tu. Ni njia ya kumtia mtu katika uonevu kwa hiari yake mwenyewe, ili ajue kwa ndani jinsi unavyotendeka: pasipo chuki, pasipo shauri, kwa uchangamfu.

Walakini wasomaji waliompenda mno yule kijana nao wana la kujibu. Kijana alifanya nini? Aliona haya, aliwaacha marafiki zake, alikumbuka kwa miaka mingi. Hakusema neno ofisini. Kiswahili kina ukali wa pekee mahali hapa. Kitenzi ona, kikiwekwa katika kauli ya kutendea, hutoa onea. Na kumwonea mtu ni kumdhulumu, hali kumwonea mtu huruma ni kumsikitikia. Tofauti ni neno moja lililoongezwa mwishoni, na kitenzi ni kile kile: katika yote mawili mmoja aona, mwingine yu chini ya jicho lake. Yule kijana alitoka katika kumwonea Akaky akaingia katika kumwonea huruma, na Akaky, kichwani mwake, hakupungukiwa na kipande hata kimoja cha karatasi. Walioshuhudia na kunyamaza ndio wengi katika kila ofisi ya namna hii. Gogol amempa mmoja wao moyo mzuri, kisha akaonyesha kwa hesabu yake thamani ya moyo huo.

Hata mkurugenzi yumo katika hesabu. Alikuwepo mmoja mwema, aliyetaka kumtuza Akaky kwa utumishi wake wa siku nyingi. Akaamuru apewe kazi iliyo juu kidogo ya kunakili, ya kubadili kichwa cha barua na vitenzi vichache. Akaky akatoka jasho, akaomba arudishiwe ya kunakili. Tena ni mkurugenzi aliyempa bahashishi ya rubli 60 badala ya zile 40 au 45 zilizotazamiwa, na kwa fedha hizo kabuti jipya likapatikana. Huu si ukatili. Lakini mtu huyu mwema alikuwa mkubwa wa chumba ambamo theluji ya karatasi ilikuwa ikianguka, wala hadithi haimwonyeshi akiuliza kwa nini sakafu ina vipande. Kabuti jipya lilipokuja makarani wakalizunguka na kulipongeza, wakataka karamu. Kabla ya hapo lile kuukuu walikuwa wamelinyima hata jina la kabuti, wakaliita gauni la nyumbani. Adabu waliyoonyesha siku ile waliionyesha nguo.

Usiku ule ule wa karamu kabuti likaibwa, na hadithi yahama kutoka kwa watu wa daraja moja na Akaky ikamwendea mkubwa. Msimulizi hamtaji jina. Amwita mtu wa maana, na aongeza kwamba alikuwa amepata umaana wake si zamani. Akaky amwendea kuomba msaada wa kulitafuta kabuti. Mkubwa huyo alikuwa na rafiki wa utotoni aliyekuja kumwamkia, wamekwisha kuzungumza yote wakawa wamekaa kimya na sigara zao. Lakini alimngojesha Akaky, ili rafiki aone jinsi watu wangojavyo mlangoni pake. Alipomwita alimsemesha kwa sauti aliyokuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo juma moja kabla ya kupewa cheo. Akamkemea kwa kutofuata taratibu, akamshutumu kuwa ni katika vijana waasi, asione kwamba aliye mbele yake amepita miaka 50. Akapiga mguu chini, akauliza kama ajua ni nani anayesema naye. Kisha akamtupia rafiki jicho la pembeni, akafurahi kuona kwamba yeye pia ameingiwa na hofu. Akaky alichukuliwa nje na mabawabu karibu ya kuzimia. Akaenda nyumbani katika tufani ya theluji kinywa wazi, akapata homa ya koo, akafa.

Jambo hili lilitokea mara moja tu. Hapa ndipo hadithi inapovipa taabu vipimo vya wataalamu. Heinz Leymann, aliyezaliwa Ujerumani akafanya uchunguzi wake Uswidi katika miaka ya 1980, ndiye aliyefanya mengi kuliko wengine kuuonyesha ulimwengu kwamba watumishi huweza kumwandama mwenzao hata wakamvunja afya. Kipimo chake kilikuwa wazi: matendo ya uadui yatendeke japo mara moja kwa juma, kwa muda wa miezi sita au zaidi. Kwa kipimo hicho makarani wamekamatwa barabara, nao wanastahili. Mtu wa maana aondoka huru. Alimwona Akaky kwa dakika chache, hakumjua kabla, wala hakumwona tena katika uhai wake. Kipimo cha Leymann kilifaa kwa kazi ya uchunguzi, maana mchunguzi lazima ahesabu. Lakini kikihamishwa kama kilivyo katika kanuni za kazi humwambia aliyeumizwa arudi baada ya miezi sita. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva tarehe 21 Juni 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, ulifuata njia nyingine: wautambua ukatili na unyanyasaji uwe umetokea mara moja au umerudiwa, na waangalia madhara yaliyokusudiwa, yaliyotokea, au yaelekeayo kutokea. Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliuweka unyanyasaji wa mtumishi chini ya ubaguzi, kwa kuufunga na sababu zilizotajwa, kama vile rangi, kabila, dini, jinsia, ulemavu au umri. Njia hiyo ina nguvu palipo na ubaguzi. Lakini Akaky hakuchekwa kwa kabila wala kwa dini, na wakili wake angetumia asubuhi nzima kutafuta sababu ya kuandika katika hati, hali kila mtu chumbani aijua: alichekwa kwa kuwa yawezekana kumcheka.

Mtetezi wa mtu wa maana atasema kwamba mkubwa ana haki ya kuwa mkali. Ni kweli, na hadithi haikatai. Akaky alikuwa ameruka ngazi za ombi lake, na mkubwa aliyemwonyesha mlango wa kuanzia angekuwa ametenda wajibu wake, hata kama kwa uso mkavu. Tofauti ya ukali na uonevu haimo katika ukubwa wa sauti. Ukali wa kazi huelekea kazi: una kosa unalolitaja, una marekebisho unayoyataka, na ukitimizwa hukoma. Karipio la mtu wa maana halikuelekea kabuti wala ombi. Lilielekea kiti cha rafiki. Akaky alikuwa ngoma tu ya kupigwa ili mwingine asikie. Gogol kwa hekima yake hakumfanya mtu huyu kuwa shetani. Asema kwamba kati ya walio sawa naye alikuwa mwungwana na mwenzi mzuri, na kwamba moyo ulimsuta, na baada ya juma moja akatuma mtu kumwulizia yule karani, akaambiwa amekwisha kufa. Mtu mwema aweza kumwonea mtu, na wema wake mahali pengine haufuti.

Kilichofuata kimewatatiza wahakiki. Mzuka wa karani watokea mitaani, wavua watu makabuti pasipo kuangalia vyeo, na mwishowe wamkamata mtu wa maana mwenyewe na kulitwaa lake. Wengine wameona hapo haki, wengine mzaha. Yamkini ni udhaifu: haki iliyoshindikana ofisini imepelekwa kwa wafu, na makarani wa chumba kile wamesamehewa pasipo kuulizwa. Mmoja tu aliuona mzuka kwa mbali, ukamtishia kidole, naye akatimua mbio. Lakini katika mkia huo kuna maneno machache yenye thamani kuliko kisasi chote. Baada ya usiku ule, mtu wa maana alipunguza kuwauliza wadogo wake kama wajua ni nani aliye mbele yao. Na alipouliza, aliuliza baada ya kusikiliza kwanza shauri lenyewe. Hakugeuka malaika. Alibadili mpango wa mambo mawili tu, kusikiliza kukatangulia, na lau angalifanya hivyo siku ile ya rafiki na sigara, Akaky angalirudi nyumbani akiwa hai, bila kabuti.

Na idara je? Wenziwe walipopata habari ya wizi walikusanya mchango, ukawa haba sana, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kutoa fedha kwa ajili ya picha ya mkurugenzi, na kwa kitabu fulani ambacho mkubwa wao alikuwa rafiki wa mtungaji wake. Akaky alipokufa, siku ya pili baada ya habari kufika, kiti chake kilikaliwa na karani mpya, mrefu kuliko yeye, ambaye herufi zake zilikuwa zimelala upande. Hadithi haisemi walimpokeaje.